Maswali ya Wasomaji: Don Williams Alishinda Nini Hasa?

Toleo lililopita tuliweka mistari michache tu kuhusu Don Williams, yule mwimbaji wa country wa Marekani, pale kwenye ukurasa wa muziki, kumbe tumegusa watu penyewe. Meseji zimeingia mpaka usiku wa manane, wengine wanauliza, wengine wanabishana wao kwa wao, na wengine wameandika tu kusema wanampenda huyu mtu na hawana swali lolote. Nimechukua yale yanayohusu kazi yake na heshima alizopata, maana huko ndiko ubishi ulikojaa.

SWALI: Hujambo mwandishi. Mimi na baba yangu tunabishana kila Jumapili tukishakula. Yeye ameshikilia kwamba Don Williams ndiye alishinda Grammy nyingi kuliko wanamuziki wote wa country, mimi namwambia hapana. Tuamulie basi nyumba itulie. Msomaji, Nakuru

JIBU: Sijambo, na msalimie mzee sana. Mpe chai kwanza halafu umwambie taratibu: Don Williams hakuwahi kushinda Grammy. Hata moja. Aliteuliwa tu, na uteuzi unaonigusa mimi ni ule wa Grammy za 2013, wakati huo mtu ana miaka 73 na alishawahi kuaga jukwaa, akaimba na Alison Krauss ule wimbo wa "I Just Come Here for the Music" kwenye albamu yake ya And So It Goes ya 2012, ukaingia kwenye kundi la nyimbo bora za watu wawili au bendi. Tuzo wakachukua bendi ya Little Big Town na "Pontoon" yao.

Sasa vikombe alivyobeba kweli ni hivi. Mwaka 1978 chama cha muziki wa country cha Marekani, CMA, kilimpa tuzo ya Mwimbaji Bora wa Kiume. Hapo uone uzito wake, kabla yake Ronnie Milsap alikuwa ameichukua miaka miwili mfululizo, na baada yake ikaenda kwa Kenny Rogers halafu George Jones, yaani alikuwa katikati ya miamba. ACM nao, wale wenzao wenye makao kule magharibi wakati huo, wakaipa "Tulsa Time" tuzo ya singo bora kwa hesabu ya mwaka 1978. Mwaka 1981 albamu yake ya I Believe in You ikachukua Albamu ya Mwaka ya CMA. Halafu kimya kirefu sana, mpaka 2010 alipoingizwa Country Music Hall of Fame, ile nyumba ya heshima ya muziki huo.

Ukiweka hizo mezani zinaonekana chache kwa mtu wa kiwango chake, na mimi nasema wazi kabisa kwamba ni chache mno. Lakini usimwambie mzee kwamba amekosea yote. Amekosea jina la tuzo tu. Ukubwa wa mtu anaoutetea upo, tena upo kwenye sehemu ambayo haibishaniki, chati, na hilo msomaji wetu wa Kericho ameliuliza hapa chini.

SWALI: Eti alikuwa na nyimbo 17 zilizofika namba moja? Ni kweli au ni maneno ya watangazaji? Msomaji, Kericho

JIBU: Ni kweli mkuu, na nafurahi umeuliza maana hapa ndipo napenda kukaa.

Ya kwanza kufika kileleni kwenye chati ya country ilikuwa 1974, "I Wouldn't Want to Live If You Didn't Love Me", mara tu baada ya kuhamia lebo ya ABC/Dot. Mwaka uliofuata zikaja mbili, "You're My Best Friend" ambayo sidhani kuna harusi ya watu wazima huku kwetu haijawahi kupigwa, na "Love Me Tonight". 1976 mbili tena, "Till the Rivers All Run Dry" na "Say It Again". 1977 akaleta "Some Broken Hearts Never Mend" na "I'm Just a Country Boy", hii ya pili ilikuwa ya zamani, Harry Belafonte alishaiimba kitambo, Don akaichukua akaiimba kama vile ni habari ya maisha yake mwenyewe. Halafu "Tulsa Time" ikavuka kutoka 1978 kwenda 1979, "It Must Be Love" ikafuata, na 1980 ukawa mwaka wake kabisa kabisa, "Love Me Over Again" mwanzoni na "I Believe in You" mwishoni.

Hiyo "I Believe in You" isimamie kidogo. Chati ya country ilikuwa nyumbani kwake, lakini huu wimbo ulitoka nje ukaingia Billboard Hot 100, ile chati ya nyimbo zote za Marekani, ukafika namba 24. Fikiria ni 1980, disko ndiyo kwanza inapoa, redio zimejaa sinthesaiza, halafu anapita mtu mwenye ndevu na kofia anaimba polepole kwa sauti nzito utadhani anaongea na mtu mmoja sebuleni. Na watu wakanunua.

Baada ya hapo "Lord, I Hope This Day Is Good" ikafika juu mwanzoni mwa 1982, 1983 "If Hollywood Don't Need You" na "Love Is on a Roll", 1984 "Stay Young" na "That's the Thing About Love", na ya mwisho kabisa "Heartbeat in the Darkness" mwaka 1986, hapo keshahamia Capitol. Zihesabu, ni 17.

Na hizo ni zile za kileleni tu, hujagusa zilizoishia namba 2 kama "She Never Knew Me" na "Good Ole Boys Like Me". Kuanzia 1974 mpaka 1991 hakuna mwaka uliopita bila yeye kuwa na angalau wimbo mmoja mkubwa redioni. Miaka kumi na minane! Watu wa country walibadilika hapo kati mara ngapi, wakaja wale wahuni wa Texas wenye nywele ndefu, ikaja ile fasheni ya filamu ya makauboi wa mjini, wakaja vijana wa kina George Strait na Randy Travis kurudisha mambo ya zamani, na yeye wala hakubadilisha hata kofia. Mimi nikiulizwa heshima yake kubwa ni ipi naanzia hapo, kabla hata sijataja kikombe.

SWALI: Kaka mwandishi, "The Gambler" na "Coward of the County" ziko kwenye flashi yangu zimeandikwa Don Williams. Mbona hamkuzitaja? Msomaji, Moshi

JIBU: Kaka, hiyo flashi imekudanganya, na siyo wewe peke yako, huku kwetu hilo ni kosa la kila duka la kuchoma nyimbo. Zote mbili ni za Kenny Rogers. Naona zinachanganywa kwa sababu wote walikuwa na ndevu zenye mvi, wote ni watu wa Texas, na wote wanaimba hadithi. Sikiliza sauti utawatofautisha: Kenny ana mkwaruzo, sauti inachanika kidogo akipanda juu, Don yuko chini, laini, hapandi, hashuki, hapigi kelele.

Kwa tuzo Kenny alimzidi, Grammy tatu kwa sifuri. Lakini Hall of Fame Don aliingia 2010 na Kenny 2013.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu na nyimbo zake ndizo zimenilea. Naomba kujua alianzaje, maana kila nikisoma naona tu "alizaliwa Texas" halafu ghafla ni staa. Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yangu, asante kwa swali, hata mimi hiyo habari ya kuruka ruka huwa inanichosha.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1939 mji mdogo unaitwa Floydada, kaskazini mwa Texas, akakulia Portland, nayo iko Texas hiyo hiyo lakini chini kule pwani karibu na Corpus Christi. Mwaka 1960 akamuoa Joy Bucher, na huyo ndiye aliyebaki naye mpaka kifo, wakapata wavulana wawili. Nalitaja hilo kwa makusudi kwa sababu nyimbo zake za mapenzi ya ndoa hazikuwa za kuigiza.

Katikati ya miaka ya 60 akawa kwenye kundi la watu watatu linaitwa Pozo-Seco Singers, pamoja na Susan Taylor na Lofton Kline, muziki wao ulikuwa folk, siyo country. Wimbo wao wa "Time" uliingia chati za pop 1966. Kundi likasambaratika mwishoni mwa muongo huo na jamaa akarudi Texas, akaingia kwenye biashara ya samani ya familia ya mke wake. Yaani huyu mtu tunayemwimba leo alishaacha muziki akawa anauza viti na meza. Haikudumu, akaenda Nashville, mji ulio makao ya muziki wa country, lakini hakwenda kama mwimbaji, alikwenda kuandikia wengine nyimbo kwenye kampuni ya Jack Clement.

Jack Clement si mtu mdogo, ndiye aliyekuwa studio za Sun kule Memphis enzi za kina Johnny Cash na Jerry Lee Lewis, na ndiye aliyemsimamia Charley Pride. Akamsaini Don kwenye lebo yake ndogo ya JMI 1972, na kijana mwingine wa pale ofisini, Allen Reynolds, akawa prodyuza wa albamu ya kwanza iliyotoka 1973. Reynolds huyo ndiye baadaye akaja kumtengenezea Garth Brooks albamu zake. Kwa hiyo ona chumba alichoingia. Singo za mwanzo zilipanda taratibu, "We Should Be Together" ikafika namba 5 mwaka 1974, kampuni kubwa zikafungua macho, na hapo ndipo ile safari ya namba moja 17 ikaanza.

SWALI: Alikuwa anaandika mwenyewe au alikuwa anaandikiwa? Rafiki yangu anasema mtu wa kuandikiwa si msanii kamili. Msomaji, Kisumu

JIBU: Rafiki yako nampinga wazi, na nina sababu.

Kwanza kuandika aliandika. "Love Me Over Again" ni yake mwenyewe, "Lay Down Beside Me" ni yake, na "Till the Rivers All Run Dry" aliandika pamoja na Wayland Holyfield. Hiyo ya mwisho mwaka mmoja tu baada ya kutoka ikaimbwa na Pete Townshend wa The Who akiwa na Ronnie Lane kwenye albamu yao ya Rough Mix ya 1977, warokaji wa Uingereza hao, watu wa kuvunja magitaa, wamekaa chini wanaimba Don Williams.

Lakini ni kweli nyingi aliletewa, na hapo ndipo kipaji chake kingine kilipo ambacho hakuna tuzo ya kukipima. Alikuwa na sikio. Waandishi wa Nashville walijua kwamba ukimpelekea Don wimbo mzuri hatauharibu, hataupamba pamba mpaka maneno yapotee, atauimba hivyo hivyo ulivyo. Ndiyo maana Bob McDill alimpa "Amanda", "Say It Again", "It Must Be Love", "Good Ole Boys Like Me". Huyo McDill naye ameingizwa Hall of Fame 2023, na ukisoma habari zake jina la Don halikosi. Holyfield alimpa "You're My Best Friend" na "Some Broken Hearts Never Mend". Roger Cook, Mwingereza, aliandika "I Believe in You" na Sam Hogin, halafu akaandika "Love Is on a Roll" na John Prine. John Prine! Mtu ambaye watu wa folk wanamheshimu kama nabii, namba moja yake ya kwanza ya country kama mwandishi imepita mdomoni kwa Don.

Na "Tulsa Time" iliandikwa na mpiga gitaa wake mwenyewe, Danny Flowers, akiwa hotelini kule Tulsa wakati theluji imewafungia ndani. Eric Clapton aliisikia mapema akaitaka, akaiweka kwenye Backless ya 1978, lakini ya Don ndiyo ikafika kileleni.

Sasa angalia nyimbo zilivyoishi baada yake. "Amanda" kwake ilifika namba 33 tu, Waylon Jennings akaja kuipeleka namba moja 1979. "It Must Be Love" aliifikisha namba moja 1979, Alan Jackson akaichukua akaifikisha namba moja tena mwaka 2000, miaka 21 baadaye, karibu na mapigo yale yale. "If I Needed You" ya Townes Van Zandt aliyoimba na Emmylou Harris 1981 ilifika namba 3, na mpaka leo wasanii wawili wakitaka kuimba pamoja country ya utulivu wanaukimbilia huo. Mtu anayechagua nyimbo za namna hiyo kwa miaka yote hiyo ni msanii kamili kabisa, mwambie rafiki yako.

SWALI: Hiyo Hall of Fame ni kitu gani hasa? Na mbona walimchelewesha mpaka 2010 wakati nyimbo zake kubwa ni za miaka ya 70? Msomaji, Arusha

JIBU: Ni nyumba ya heshima ya muziki wa country, iko Nashville, CMA ndio walioianzisha 1961, na wa kwanza kuingizwa walikuwa Jimmie Rodgers, Hank Williams na Fred Rose. Kila anayeingizwa anachongewa kibao cha shaba chenye sura yake na maelezo ya kazi yake, na vibao vyote viko kwenye ukumbi mmoja wa duara, mzee wa 1961 na staa wa juzi wote humo. Kwa mwaka wanaingizwa watu wachache tu, kwa hiyo foleni ni ndefu, na huo ndio ufafanuzi wa kawaida wa kuchelewa kwake.

Ufafanuzi huo nauelewa lakini haunitoshi. Jim Reeves, ambaye najua wengi wenu mnampenda sawa na Don, aliingizwa 1967, miaka mitatu baada ya ile ajali ya ndege ya Julai 1964. Don alikuwa hai, anaimba, ana namba moja 17, na akasubiri. Mimi naona ni tabia yake tu iliyomponza, hakuwa mtu wa kuhudhuria kila shughuli, hakuwa na skendo, hakuwa na ugomvi na mtu, waandishi wa habari walikuwa hawana cha kuandika. Walimpa jina la Gentle Giant, jitu pole, wakatosheka. Anakaa kwenye kiti kirefu na gitaa lake, anaimba, anashukuru, anarudi shambani kwake nje ya Nashville. Biashara ya muziki inawasahau watu wa hivyo kirahisi sana.

Alipoitwa 2010 aliitwa pamoja na Jimmy Dean, Ferlin Husky na prodyuza Billy Sherrill. Jimmy Dean alifariki Juni mwaka huo huo kabla ya sherehe. Ukiona hilo unashukuru tu kwamba Don alipewa akiwa na macho ya kuona.

Na kitu kimoja kilinifurahisha baadaye, ule mwaka 2013 Kenny Rogers alipoingizwa, mwenzake kwenye orodha alikuwa Jack Clement, yule bosi wa JMI. Mwanafunzi alimtangulia mwalimu miaka mitatu.

SWALI: Ni kweli aliwahi kuigiza sinema? Msomaji, Bungoma

JIBU: Ndiyo, mbili, zote na Burt Reynolds. W.W. and the Dixie Dancekings ya 1975, na Smokey and the Bandit II ya 1980, hiyo ya pili alitokea kama yeye mwenyewe na bendi yake. Na inasemwa kofia aliyoizoesha watu ilitokana na ile ya 1975. Hakujifanya mwigizaji zaidi ya hapo.

SWALI: Mwandishi, sisi huku Kitale tunampenda kuliko hata Wamarekani. Aliwahi kuja Afrika? Na je, alijua tunampenda? Msomaji, Kitale

JIBU: Alikuja, ila siyo huku kwetu. Mwaka 1997 alipiga Harare, Zimbabwe, na shoo ile ikarekodiwa ikatoka kwa jina la Into Africa. Kama hujaiona itafute hata leo usiku. Umati mweusi umejaa, watu wanaimba naye neno kwa neno, na yeye pale kwenye kiti chake anaonekana kabisa ameguswa japo hana maneno mengi. Ukitaka kuonyesha mtu kwamba country siyo ya watu wa kofia za Texas peke yao, usibishane naye, muonyeshe hiyo video.

Kwa hiyo alijua. Na nje ya Marekani siyo Afrika tu, Uingereza ilimpenda mapema mno, "I Recall a Gypsy Woman" ilifika namba 13 kwenye chati yao ya nyimbo zote mwaka 1976, chati ambayo wanamuziki wa country wengi wa Nashville hawakuwahi hata kuigusa.

Kwa Kenya mnajua wenyewe. Sundowner, kile kipindi cha redio cha KBC, kimewalaza wazazi wetu na hizi nyimbo, na "Lord, I Hope This Day Is Good" ile ya Dave Hanner watu wengi huku wanaichukulia kama sala ya asubuhi, hawajui hata kama iliwahi kuwa namba moja. Elvis Otieno, yule tunayemwita Sir Elvis, amejaza kumbi za Nairobi kwa kuimba country ya Jim Reeves na Don Williams, na wanaokwenda siyo wazee tu, vijana wa chuo wamo na buti zao. Nashville haina tuzo ya kupendwa Kitale, lakini mimi nikiandika orodha ya heshima zake hiyo naiweka, na naiweka juu.

SWALI: Alistaafu lini? Nimesoma 2006 na pia nimesoma 2016, ipi ni sahihi? Msomaji, Nairobi

JIBU: Zote mbili. 2006 alifanya ziara ya dunia nzima ya kuwaaga mashabiki na akaifunga Memphis mwezi Novemba kwenye ukumbi wa Cannon Center, akaenda nyumbani kupumzika. Mwaka 2010 ndio huo wa Hall of Fame na mwaka huo huo akarudi jukwaani, akatoa And So It Goes 2012 ambayo ndani yake wamo Alison Krauss, Keith Urban na Vince Gill, halafu Reflections 2014. Machi 2016 akawa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, akafuta ziara na kutangaza kwamba sasa basi, imetosha.

2017 marafiki zake wakamtengenezea albamu ya heshima, Gentle Giants, chini ya Garth Fundis, prodyuza aliyefanya naye kazi tangu miaka ya 70. Chris Stapleton na mkewe Morgane wakaimba "Amanda", Pistol Annies wakachukua "Tulsa Time", Garth Brooks "Good Ole Boys Like Me", Trisha Yearwood "Maggie's Dream", Jason Isbell na Amanda Shires "If I Needed You", Alison Krauss "Till the Rivers All Run Dry". Hao ni watu wa vikombe kweli kweli, Grammy zimejaa kwenye makabati yao, na wamekaa foleni kuimba nyimbo za mtu asiye na hata moja. Ilitoka angali hai.

Miezi michache baadaye, tarehe 8 Septemba 2017, akafariki Mobile, Alabama, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 78. Siku hiyo hiyo Troy Gentry wa Montgomery Gentry alikufa kwa ajali ya helikopta, Nashville ikalia misiba miwili kwa mpigo. Huku kwetu mnakumbuka, Facebook na WhatsApp zilijaa nyimbo zake kwa wiki nzima.

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi nina miaka 22, namjua kwa "You're My Best Friend" tu. Nianzie wapi kumsikiliza vizuri? Msomaji, Thika

JIBU: Marahaba kijana wangu. Usianze na zile mkusanyiko za nyimbo 50 bora, utachoka njiani. Anza na albamu ya Expressions ya 1978, humo utapata "Tulsa Time", "It Must Be Love" na "Lay Down Beside Me" pamoja, yaani yule Don aliyechukua tuzo ya mwimbaji bora mwaka huo huo. Ukiielewa nenda I Believe in You ya 1980, na ukifika "Good Ole Boys Like Me" kwenye ile albamu ya Portrait ya 1979 isikilize ukiwa umetulia na maneno yake mbele yako, maana ni wimbo mgumu kuliko unavyosikika, ni habari ya kijana wa kusini mwa Marekani, baba yake mlevi mwenye Biblia mkononi, redio ya usiku na vitabu. Halafu kamata ile ya Harare. Ukimaliza hizo niandikie, nitakutumia orodha ya zile zilizoishia namba 2 na namba 3, huko nako kuna mali.